Utoro wa Maji

Baba alilichimba mwaka ule korosho zilipopanda bei.
Alikodi katapila la watu wa barabara siku mbili na nusu.
Ile nusu dereva aliilala kivulini,
tukamlipa hivyo hivyo.
Udongo wa kichuguu tuliubeba kwa matenga,
tukaushindilia kwa magogo na kwa nyayo zetu,
na Kilimarondo ikapata la kusema:
Chitanda sasa anafuga tope.

Januari mvua ikashuka. Tope likawa bwawa.
Wa kwanza kufika hakupiga hodi,
kulasitara mmoja wa kijivu, mguu juu,
kama karani anayesubiri muhuri.
Wakafuata mdiria, bata maji wawili, kereng'ende wekundu,
na vyura, ambao mpaka leo sijui
walikuwa wakikaa wapi siku zote za vumbi.
Usiku, pongo.
Tulizisoma kwato zake alfajiri, kabla ya kuteka.

Perege mia tatu walikuja kwa ndoo kutoka Masasi,
wadogo kama kucha.
Kenge akala mia na kitu.
Baba aliandika kwenye daftari lake,
nyuma ya hesabu za salfa:
*Kenge, mkopo.*

Mkuyu haukupandwa na mtu.
Ndege alinya mbegu juu ya tuta, basi,
ukaota, ukanenepa, kulasitara wakajenga humo.
Baba hakutaka uguswe.
Hakutaka chochote kitoke pale:
maji, ndege, wala Nassoro,
aliyetokea dirishani usiku wa manane
na viatu mkononi.

Baba alipozikwa, akaja mtu wa bonde
na buti zake na futi ya kamba.
"Mmiliki nani?"
"Somoe Chitanda," nikasema,
na jina likanitoka kama la mtu mwingine.
Alizunguka mpaka nyuma ya tuta, akachuchumaa.
Pale majani yalikuwa mabichi. Ilikuwa Agosti.
Mimi nilikuwa nikiyakatia mbuzi, nikishukuru.
"Hii siyo neema, dada," akasema.
"Mzizi unayaonyesha maji njia.
Na utoro uko wapi?"

Utoro?

"Utoro wa maji. Mlango wa pembeni, wa kutokea yakizidi.
Bwawa lisilo na utoro
hujitoboa lenyewe."

Nikamkaribisha uji. Sikuwa na neno jingine.

Nilingoja makinda yaruke, ikawa Oktoba.
Mkuyu uliangukia upande wa bwawa, ukapiga maji kofi.
Mzizi mmoja, mnene kama paja la mtoto,
ulikuwa umelivuka tuta lote
na kuchungulia upande wa pili.
Tuliung'oa siku tatu, mimi na vijana wa Nampunju.
Ndani ya shimo mlikuwa na kaa,
kanyanyua gando,
kwake ile ilikuwa nyumba, na sisi wezi.
Tukajaza kichuguu, tukanyunyiza, tukashindilia.
Magunia mawili ya mbaazi yakaenda kwenye mawe ya utoro.
Ukoka niliupanda mwenyewe, shina kwa shina,
nimepiga magoti.

Februari, usiku, mabati yalipiga mpaka nisisikie kikohozi changu.
Nikatoka na tochi.
Maji yalikuwa yamepanda jiwe la kwanza, la pili,
yakasimama hapo, yamevimba,
kama mtu mwenye neno asiyejua pa kulianzia.
Mkono wangu ulikuwa juu ya tuta. Sijui nilidhani nitalishika.
Kisha yakageuka.
Yakapita juu ya ukoka, taratibu, yakateremka korongoni,
na perege kadhaa ndani yake, niliwaona migongo,
wakaenda.

Asubuhi nilitafuta mtandao kwenye kichuguu kirefu,
nikampigia Nassoro.
Sikumwambia rudi.
Nilimwambia bwawa limejaa.
Akakaa kimya, kisha akauliza kama kenge yule bado yupo.

Na pale ulipokuwa mkuyu
kulasitara alikuwa amesimama, mguu juu,
akinitazama kwa jicho moja,
ananidai.